Mwalimu wa Sahare, hadidiski inayolia na SSD: kipi kitangulie?

Swali

"Mwanangu fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Sahare hapa Tanga. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010, tuliyoinunua ya mtumba. Ina Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM 4 GB, hadidiski 500 GB na Windows 10. Imekuwa nzito mno: ukiiwasha unaweza kwenda jikoni ukachemsha chai, ukarudi bado inazunguka. Fundi wa kwanza kasema niongeze RAM. Wa pili kasema niachane nayo ninunue mpya. Mjukuu wangu kasema niweke SSD. Nani mkweli? Humo ndani nina picha za familia, mitihani yote niliyotunga na video ya harusi ya binti yangu, sitaki ipotee hata moja. Siku hizi inatoa na mlio wa tik tik. Halafu nasikia SSD hufa ghafla, je, itahimili joto na chumvi ya huku kwetu pwani? Na printa yangu, HP LaserJet P1102, itaendelea kufanya kazi?"

Jibu

Shikamoo, Mwalimu. Umeuliza mengi, ila lililonishtua ni lile ulilolitaja kwa kupita tu: mlio wa tik tik. Ikiwa kompyuta imewashwa hivi sasa, izime kwanza, kisha uendelee kusoma. Habari za SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, zinaweza kungoja hata mwezi. Hilo la mlio halingoji.

Ndani ya hadidiski mna visahani vinavyozunguka, aghalabu mara 7,200 kwa dakika kwa kompyuta za mezani, na mkono wenye vichwa vidogo vya kusomea vinavyoelea nanomita chache tu juu ya uso wa kisahani. Kichwa kikishindwa kusoma alama zinazokiongoza, mkono hurudi mwanzo na kujaribu tena, na tena. Huko kurudi-rudi ndiko unakokusikia. Mara nyingine sababu ni waya uliolegea au umeme usioifikia diski vizuri, kwa hiyo siyo lazima iwe imekufa. Lakini ichukulie kuwa inakufa mpaka ithibitike vingine, kwa sababu ukikosea upande huo hupotezi kitu.

Utakapoiwasha tena, iwe kwa kazi moja tu: kutoa vitu vyako. Tafuta diski ya nje ya USB, uichomeke kabla ya kuwasha. Anza na mitihani, maana hizo ni faili ndogo na zitahama upesi. Zifuate picha, na video ya harusi iwe ya mwisho. Wengi huanza na lile kubwa kwa sababu ndilo linalowauma roho, diski inafia katikati ya video, na picha zote zinabaki upande wa pili. Kama Windows ni nzito kiasi cha kushindwa hata kufungua folda, mjukuu atengeneze flashi ya Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye kompyuta ya rafiki, kisha awashe yenu kutoka kwenye flashi hiyo kwa kubonyeza F12 mara tu nembo ya Dell inapotokea. Hana haja ya kusakinisha chochote. Hapo hadidiski inakuwa imepumzishwa mzigo wa kuendesha Windows, kazi yake ni kusoma faili zako tu.

Mtu asikushawishi kuendesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, wala kupanga diski upya, wala kupiga Windows juu ya diski hiyo hiyo kabla vitu havijatoka. Ile chkdsk /r wanayoipenda mafundi hupitia diski yote sehemu kwa sehemu, kazi ya saa nyingi, na diski mgonjwa inaweza kumalizikia humo humo. Kukiwa na faili zinazogoma, Linux ina programu iitwayo ddrescue ambayo huchukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, halafu ndiyo hurudia yale magumu. Na kama diski haionekani tena hata kwenye BIOS, ile programu ya ndani inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, acheni kuwasha na kuzima mkibahatisha. Pelekeni kwa mtu anayefanya kazi ya kuokoa data, tena aulizwe bei kabla hajaigusa. Kuna ushauri unaozunguka mitaani wa kuilaza diski kwenye friza. Kwa unyevu wa hewa ya Tanga, ukiitoa humo inatoka jasho kama chupa ya soda, na matone hayo yakitua kwenye visahani, hata mtaalamu hatakuwa na la kukusaidia.

Kwa hiyo, kama pesa iliyopo inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua diski ya nje, usinunue SSD. Najua si jibu ulilolitarajia.

Mkishanakili, mjukuu aendeshe programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo aangalie mistari mitatu yenye alama 05, C5 na C6. Wa kwanza huhesabu sehemu za diski zilizoharibika na kubadilishwa, wa pili zile zinazoshukiwa, wa tatu zile zilizoshindikana kusomeka. Zote zikiwa sifuri na mlio ukakoma baada ya kubana waya, mshukuru Mungu. Zisipokuwa sifuri, hiyo diski haifai tena kutunzia kitu chochote cha maana.

Sasa tuje kwa washauri wako watatu. Wote wana chembe ya ukweli, ila mjukuu ndiye aliyelenga chanzo chenyewe cha uzito.

Fanya hesabu pamoja nami. Mizunguko 7,200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3. Kwa wastani kichwa husubiri nusu ya mzunguko, milisekunde 4.2, mpaka kinachotafutwa kipite chini yake. Kabla ya hapo mkono nao umetumia milisekunde 8 au 9 kusogea hadi kwenye njia husika. Jumla ni kama milisekunde 12 au 13 kwa kila ombi, kwa hiyo kwa sekunde nzima diski inaweza kutimiza maombi 80 hivi. Windows inapoamka haiombi faili moja refu. Huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na kule. Vipande vikiwa vya kilobaiti 4, maombi 80 ni kilobaiti 320 kwa sekunde. Diski ile ile inayoweza kutoa zaidi ya MB 100 kwa sekunde ikicheza video iliyokaa mfululizo, hapa inatambaa. Ni kama kumtuma mwanafunzi mmoja ofisini akalete madaftari ya darasa zima, lakini moja moja, na kwa mpangilio wa majina unaoutaka wewe: hata awe na mbio kiasi gani, muda wote unaishia njiani.

SSD haina kinachozunguka wala mkono unaosogea. Data hukaa kwenye chipu za kumbukumbu ya flashi ya aina ya NAND, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba waliivumbua miaka ya 1980, na kipande chochote hufikiwa kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kwa faili moja kubwa, SSD ya kawaida ya SATA, yaani inayotumia waya na tundu lile lile la hadidiski, inaishinda hadidiski mara nne au tano. Kwa vipande vidogo vilivyotawanyika inaishinda mara mia. Na kompyuta ya nyumbani karibu muda wote inashughulika na vipande vidogo: kuwaka, kufungua Word, kufungua kivinjari, kutafuta barua ya mwaka jana.

Fundi wa RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi zake, hakukudanganya. Kwa 4 GB, Windows 10 ikishafungua kivinjari na Word kwa pamoja, kumbukumbu inajaa, na inachozidiwa nacho inakihamishia kwenye diski. Ukiwa na hadidiski, hapo ndipo kipanya kinapoganda. SSD itakipunguza kilio hicho, RAM ndiyo itakayokiondoa. Mashine yenu inatumia RAM za aina ya DDR3 za kompyuta ya mezani, zile ndefu. DDR4 haziingii hata kwa kulazimisha, na zile fupi za kompyuta mpakato hazihusiki. Fikisheni 8 GB. RAM ya mtumba haina tatizo, mradi ijaribiwe hapo hapo dukani. Ila ukiongeza RAM peke yake, Windows itaendelea kuwaka kwa muda ule ule wa kuchemsha chai, kwa sababu kuwaka kunategemea diski.

Fundi wa pili naye, aliyekuambia ununue mpya, ana hoja moja nzito, sijui kama alikueleza. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za kizazi cha tatu. Kwa Intel inaanzia kizazi cha nane. Wapo mafundi wanaoilazimisha ikae, na inakaa kweli, lakini Microsoft haiahidi kuiletea masasisho mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma. SSD haigusi tatizo hilo hata kidogo. Ninachokuambia ni kwamba SSD utakayonunua leo haifi na OptiPlex. Siku mkipata mashine nyingine yenye nafasi ya SATA mnaihamisha, kwa hiyo pesa yake haipotei.

Mfumo gani basi? Kwa mtu anayeandika mitihani, kutazama picha na kuwaachia wajukuu mtandao wa kazi za shule, ningeweka Linux Mint. Ni ya bure, inapata masasisho ya usalama, inaenda vizuri kwenye i5 ya kizazi cha tatu, na LibreOffice inayokuja nayo hufungua faili za Word. Majedwali yenye mapambo mengi yanaweza kusogea kidogo, kwa hiyo fungua mtihani mmoja au miwili uone kabla hujakubali. Ile ile flashi ya kuokolea faili inatosha kwa jaribio hilo. Ukiona huwezi kuachana na Windows 10, baki nayo, ila shughuli za benki zisipite humo.

Tuje kwenye kununua. Mashine yenu inahitaji SSD ya inchi 2.5 ya SATA. Muuzaji akikuonyesha kale kakijiti kembamba ka M.2, hata akisema ni ka kasi zaidi, mrudishie. Mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani, ya 7010 haina tundu lake. Kuna kadi za kukachomekea kwenye nafasi ya kadi za ziada, PCIe, lakini BIOS ya mashine hiyo haiwezi kuwasha kompyuta kutoka kwenye NVMe, yaani vile vijiti vya kasi, bila ujanja ambao sitaki uuingie. Wala hukosi kitu kikubwa. Namba zile za 3,500 au 7,000 zinazoandikwa kwenye boksi za NVMe ni MB kwa sekunde za faili kubwa lililonyooka. Nimeshaeleza kwamba kilio chako si hicho.

Ukubwa: msikimbilie 120 GB kwa sababu ya bei, itajaa. Chini kabisa iwe 240, na kabla hujaamua uliza bei ya 480 au 500, mara nyingi nyongeza si kubwa kama mtu anavyofikiri. Hapa pana mtego ambao umewakwamisha wengi. Hadidiski yenu ni 500 GB. SSD ya 480 GB ni ndogo kuliko hiyo, hata kama vitu vyenu vyote havifiki 100 GB. Programu ya Clonezilla, inayotumika sana kunakili diski nzima, kwa kawaida hukataa kunakili kutoka diski kubwa kwenda ndogo. Mtu anashinda siku nzima akidhani SSD ni mbovu kumbe imepungua GB 20. Kwa nyie halitawahusu, kwa sababu sitaki mnakili Windows iliyozeeka kutoka kwenye diski inayolia. Mtaanza upya. Na msishtuke SSD ya 500 ikionyesha 465 kwenye Windows; kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, hakuna aliyekuibia.

Kuhusu majina, Samsung 870 EVO ni nzuri, ina dhamana ya miaka 5 na ile ya 500 GB imekadiriwa kuandikiwa TB 300 (TB moja ni GB 1,000) kabla dhamana haijakoma. Crucial MX500 ya 500 GB ni TB 180. Kingston A400 ya 480 GB ni TB 160, nayo ni ya bei nafuu kwa sababu haina chipu ya ziada ya kumbukumbu ndani yake, jambo ambalo katika matumizi yako hutaliona. Hizo TB zinamtisha mtu bure. Chukua ile ndogo, 160, kisha useme kila siku ya Mungu mnaandika GB 20, kiasi ambacho nyumba ya kawaida haikifikii: ni siku 8,000, karibu miaka 22. Kitakachoiua si kuandika.

Kitakachokuuma zaidi ni bandia. SSD iliyoandikwa 1 TB au 2 TB kwa bei ya kutupa mara nyingi ndani yake mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyopangwa idanganye ukubwa wake. Inapokea faili zako zote kwa adabu, na baada ya kujaza ukubwa wake wa kweli huanza kuandika juu ya zile za mwanzo. Usiipime kwa uzito mkononi, kwa maana hata iliyo halali ni nyepesi kama boksi tupu. Ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: programu hujaza diski yote kisha huisoma tena na kukuambia ukweli. Watengenezaji wakubwa pia wana programu zao zinazotambua bidhaa zao, kama Samsung Magician na Kingston SSD Manager. Mjini Tanga zipo za kununua, na ukiagiza Kariakoo ije na basi, kubalianeni kabla mzigo haujafika stendi ya Kange kwamba ikifeli jaribio hilo itarudi, na risiti iandikwe namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), si neno "SSD" peke yake.

Kuifunga si kazi ya kuogopesha. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kabla hujagusa vya ndani. SSD ni ndogo kuliko nafasi ya diski ya inchi 3.5, kuna fremu za kuishikilia, lakini kwa kuwa haina kinachotetemeka hata ukiibana kwa gundi ya pande mbili haiathiriki. Ichomeke kwenye tundu lililoandikwa SATA0. Chipseti ya mashine hiyo, Q77, ina matundu mawili ya kasi ya gigabiti 6, mengine ni ya 3. Likikosewa, hakuna kinachoharibika. Utapoteza sehemu ya zile namba za kwenye boksi, si ule wepesi wa vipande vidogo.

Jambo moja nasisitiza: wakati wa kusakinisha mfumo, hadidiski ya zamani iwe imechomolewa kabisa. Msakinishaji wa Windows akikuta diski mbili ana tabia ya kuweka faili za kuwashia kwenye ile ya zamani na Windows yenyewe kwenye mpya. Kila kitu kinaenda sawa mpaka siku unapoitoa ile ya zamani, kompyuta inagoma kuwaka, na lawama inaangukia SSD. Kama mtarudi kwenye Windows 10, kwa kawaida leseni itajitambua yenyewe mkishaingia mtandaoni, kwa kuwa imefungwa na mazabodi wala si diski, mradi ilikuwa halali tangu mwanzo. Halafu amri hii kwenye dirisha la amri, fsutil behavior query DisableDeleteNotify, ikijibu 0, maana yake Windows inaiarifu SSD sehemu zilizofutwa, ndivyo inavyotakiwa. Mengine achana nayo. Ule ushauri wa kuzima hiki na kile ili SSD idumu ulikuwa wa zama za SSD za kwanza. Acha tu nafasi kidogo, asilimia 10 au 15, isijazwe.

Joto na chumvi. Hapa SSD ina nafuu kuliko hadidiski. Za nyumbani hutengenezwa zifanye kazi kati ya nyuzi 0 na 70 za Selsiasi, na hata miezi ya kaskazi sebule yako ya Sahare haikaribii huko. Hadidiski nyingi zina kitundu cha kupumulia chenye kichujio. SSD haihitaji pumzi. Chumvi na unyevu hushambulia zaidi miguu ya RAM, viunganishi na feni. Kwa hiyo mnapofungua kasha kuweka SSD, pulizeni vumbi, chomoeni RAM na kufuta miguu yake kwa ufutio safi wa penseli, taratibu. Kompyuta isikae chini ya dirisha linaloangalia bahari.

Waliokuambia SSD hufa ghafla wamesema kweli. Hadidiski, kama yako, mara nyingi hulia kwanza. SSD inaweza kuwaka jana na leo isionekane kabisa, kwa sababu kinachokufa mara nyingi ni chipu inayoongoza zile nyingine, wala kuokoa kilichomo si rahisi. Na lipo lingine ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: kwenye hadidiski ukifuta picha kwa bahati mbaya fundi anaweza kuirudisha, kwenye SSD ile taarifa ya kufuta niliyoitaja juu huisafisha sehemu hiyo, mara nyingi bila kurudi. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo nao ni adui, kwa hiyo UPS ndogo, kifaa chenye betri ya akiba, hata ya kukupa dakika kumi za kuzima vizuri, ina kazi kubwa zaidi kwenye mashine hiyo kuliko SSD ya bei ghali.

Picha na video basi zikae sehemu mbili mbali na kompyuta. Moja ni ile diski ya nje, iwe hadidiski, si SSD. Kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kinachofuatwa na watengenezaji kinaitaka SSD ya kawaida, ikishatumika hadi kikomo chake, itunze data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Mpya hutunza zaidi ya hapo, lakini kabati la nyumba ya pwani lina joto, na kitu cha kuwekwa miaka bila kuguswa hakifai kuwa SSD. Sehemu ya pili iwe nje ya nyumba kabisa: flashi kwa binti yako, au akaunti ya Google, inayokupa GB 15 bure. Hizo zinatosha mitihani yote na picha nyingi, video ya harusi pengine itabidi ikae kwa binti. Hadidiski ya zamani msiiuze wala kuifuta hata baada ya yote hayo. Ifungeni kwenye mfuko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, iwekwe, kama kuna folda iliyosahaulika mtajua baada ya miezi michache.

Wasomaji wenye kompyuta mpakato wataokota mengi humu, ila waangalie mawili: mashine nyembamba hupokea SSD ya unene wa milimita 7, na nyingi za zamani zilikuwa na diski za 9.5, hapo inahitajika fremu ya kujazia. Na zile za bei nafuu zenye eMMC ya 32 au 64 GB, hifadhi yake imelehemewa kwenye mazabodi, hakuna cha kubadilisha.

Printa yako, Mwalimu, itafanya kazi. P1102 kwenye Windows 10 inahitaji draiva ya HP, pakueni mapema, muiweke kwenye flashi. Kwenye Linux Mint, programu ya HPLIP huitambua, lakini modeli hiyo inataka kipande cha ziada kutoka HP ambacho hushushwa kwa mtandao mara ya kwanza unapoisajili printa. Mjukuu aendeshe hp-setup na akubali inapomuuliza. Afanye hivyo siku hiyo hiyo ya kusakinisha, wakati bando bado lipo, na achape ukurasa mmoja wa mtihani wenye jedwali uone kama mistari imekaa.